Uzito wa Chupa Nyeupe

Jumatatu, 3 Machi

Leo maisha yangu yameanza. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha plastiki ametangaza nafasi ya msimamizi wa kituo. Kituo chenyewe ni banda la mabati kando ya ufuo, lenye mizani, mashine ya kusaga na harufu. Lakini msimamizi atapata kiti chake, mwavuli wake, ufunguo na filimbi. Filimbi! Nimefikisha umri huu bila mtu yeyote kulazimika kunisikiliza.

Masharti ni mepesi. Atakayeleta plastiki yenye uzito mkubwa kuliko ya wenzake mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, ndiye. Chupa nyeupe, zile za maziwa na mafuta, uzito wake unahesabiwa mara mbili kwa sababu wanunuzi wanazigombania. Za kijani na za kahawia zinahesabiwa kama zilivyo.

Washindani ni wengi ila si kitu. Isipokuwa Kinyozi. Ana kibanda cha kunyolea njia panda, ana meno yote, na watu wanampenda bila sababu yoyote ya maana. Simpendi tangu shule ya msingi.

Nyumbani nikampa mke wangu habari. Yeye ni mchambuzi pale pale kituoni. Anatoa vifuniko, lebo na kamba, kisha anatenga rangi. Nilitegemea furaha. Akasema ni vizuri, ila kabla sijawa bosi niende nikamsaidie mama yake kuvuna mwani Jumatatu ijayo, maji yakipwa sana. Mama mkwe ana shamba la mwani huko mbele ya mawe meusi. Sijawahi kufika. Mgongo wangu na maji ya chumvi havipatani.

Akanikumbusha tena habari ya jicho la mama yake. La kushoto lilishazimika. La kulia lina ukungu, anaona vitu vyeupe tu, navyo kwa shida. Daktari wa macho huja hospitali ya wilaya mara moja kwa mwaka, na mwaka huu anakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Mke wangu akasema mavuno haya ndiyo yatakayolipia jicho. Nikatikisa kichwa kwa huzuni inayostahili. Kisha nikarudi kwenye mawazo ya filimbi.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: mchanga. Ufuo umejaa mchanga, mchanga una uzito, na hauna mwenyewe. Nikatia kidogo ndani ya kila chupa, nikafunga vifuniko kwa nguvu. Gunia langu likawa zito kama ng'ombe. Nililiburuta mpaka kituoni huku nikitabasamu na kuumia.

Mwenyekiti ni mkunga mstaafu. Amezoea kupokea vitu vinavyokuja na siri zake. Alichukua chupa moja, akaitikisa sikioni. Akachukua ya pili. Akanitazama kama ninayetarajia mapacha.

Nikamweleza kwamba tunaishi pwani na mchanga huingia wenyewe. Akauliza kama huwa unafunga na kifuniko ukishaingia. Watu wakacheka. Kinyozi akacheka zaidi, na meno yake yote. Fundi wa mashine hakucheka. Akasema mwaka jana mchanga ulikula visu vya mashine, kikundi kikakaa miezi bila kazi. Nikaamriwa kumwaga zote na kuziosha pipani. Nimeosha mpaka vidole vimekunjamana.

Mke wangu alinipita akiwa na kikapu chake cha lebo. Akatazama pipa, akaendelea na kazi yake. Ananijua.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua siri ya Kinyozi. Kila anayemletea chupa ananyolewa ndevu bure. Mji mzima unapita na nyuso zinazong'aa. Huu ni uhuni.

Mpango wa pili ukazaliwa hapo hapo. Nami nitanyoa! Nikachukua mkasi wa mke wangu wa kukatia kamba, nikaweka kigoda nje ya nyumba na kuandika kwa mkaa ukutani: ndevu na nywele, kwa chupa tu. Kwa muda mrefu hakuja mtu. Kisha akaja muuza nyama na mfuko wa chupa, nyingi nyeupe. Mtu mnene, mpole kwa sura.

Kunyoa ni kazi ya kitoto. Shida ni masikio, yanakaa mahali pasipofaa. Nilimkata kidogo tu. Lakini sikio lina damu nyingi kuliko mtu anavyodhani, na muuza nyama ana sauti kubwa na panga. Nilikimbilia ndani, nikatokea dirishani.

Niandikapo hivi nimejificha nyuma ya choo cha jirani. Amechukua chupa zake zote. Amechukua na mkasi.

Alhamisi, 6 Machi

Neema! Na imetokana na mateso, maana kama muuza nyama asingekuwa ananitafuta barabarani nisingepita ufuoni.

Maji yalikuwa yamerudi nyuma. Nikatembea mpaka nikayapita mawe meusi ili nisionekane. Nikainua macho. Chupa nyeupe! Mstari baada ya mstari, zinaelea zimetulia, kila moja safi kuliko vyombo vya nyumbani kwangu. Hakuna ya kijani. Hakuna ya kahawia. Nilisimama nikatokwa na machozi kidogo.

Kweli, zilikuwa zimefungwa kwenye kamba. Na kwenye kamba kulikuwa na majani majani yananing'inia. Nikatafakari suala hili kwa uaminifu. Kama chupa imefungwa, maana yake kuna mtu kaifunga. Na mtu anayefunga takataka na kuziacha baharini ni mchafuzi wa mazingira. Mwenyekiti mwenyewe anatufundisha kila Jumamosi kwamba plastiki yoyote iliyo majini ni adui. Basi.

Nina kisu kizuri. Nilikata, nikajaza, nikakata. Kila nilipokata chupa, kamba ilizama taratibu pamoja na majani yake. Bahari ilionekana safi nyuma yangu. Nilijisikia vizuri, kama mtu anayelipa deni la dunia nzima.

Mizani ilipiga kelele. Fundi wa mashine aliangalia mara mbili. Kinyozi akaja kuangalia, akaondoka bila kuonyesha jino hata moja.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemaliza zilizobaki. Sasa naongoza kwa mbali. Kinyozi angenyoa hata mbuzi wa mtaa mzima asingenifikia.

Mchana mama mkwe alitutembelea. Huja akipapasa kuta, mkono mmoja mbele. Nimeshamwambia kituo changu cha baadaye kitakuwa na mwavuli na atakuwa anakaa chini yake. Alifurahi kweli. Akanishika mikono, akasema siku zote alijua mikono hii ina baraka, ni vile tu ilikuwa haijapata kazi yake. Mke wangu alikohoa.

Mama akaeleza kwamba mwani wa safari hii umenona kuliko miaka yote. Aliupapasa mara ya mwisho wiki iliyopita, kila fungu limejaa kiganja. Jumatatu maji yatakupwa, atauvuna, utakauka, mnunuzi ataupokea Jumatano, na Alhamisi jicho. Amekwisha kushonewa hata gauni la hospitali. Mke wangu akanigeukia na kuuliza kama Jumatatu nitakwenda kumsaidia. Nikasema kama mgongo utaruhusu. Mama akasema nisisumbuliwe, yeye ana zile alama zake, huwa zinamwonyesha njia ya kwenda na ya kurudi.

Sikuuliza ni alama gani. Nilikuwa nafikiria kama filimbi inakuja na kamba ya shingoni.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui niandike vipi.

Asubuhi mgongo ulikataa. Nilikwenda kituoni kujaribu kiti. Ni cha plastiki, mguu mmoja umechoka, lakini ukikaa kwa adabu kinakupokea. Nilikuwa bado nimekaa wakati watu walipoanza kukimbilia ufuoni. Nikafikiri ni nyangumi.

Alikuwa ni mama mkwe. Aliingia majini na kapu lake maji yalipokuwa chini. Akaenda, akaenda, hakusimama. Maji yakaanza kurudi naye bado anaenda mbele. Mtu wa kwanza kumwona alikuwa Kinyozi, ambaye alikuwa anaokota chupa kwenye mawe. Aliruka na nguo zake. Alipomfikia maji yalikuwa yanamgusa mama kidevu, na bado alikuwa amenyoosha mkono mbele, anapapasa.

Wamemleta ufuoni mguu umechanika kwa jiwe, midomo ya buluu. Mwenyekiti alimfunika kwa magunia yetu. Mke wangu alikuwa anamsugua miguu na kulia bila sauti. Mama alikuwa anarudia jambo moja, kwamba hakuziona chupa zake. Zile chupa nyeupe. Mistari yote haina hata moja.

Mbele ya mawe meusi. Nilishaambiwa mara ngapi, mbele ya mawe meusi, na mimi kila mara natikisa kichwa! Kumbe zile ndizo alama.

Sikula. Nimeogopa leo kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nimeogopa mama angekufa. Nimeogopa pia, nakiri hapa ambapo hakuna anayesoma, kwamba mke wangu atajua.

Jumanne, 11 Machi

Mwani wote umekwisha. Mke wangu na wanawake wengine walikwenda kuangalia. Kamba bila chupa zilikuwa zimelala mchangani toka wiki iliyopita, mwani umeoza, mwingine umeliwa na samaki. Kilichobaki hakijai sahani. Mnunuzi ameambiwa asije.

Mpango wa tatu, wa dharura. Magunia yangu yalikuwa bado kituoni, hayajachambuliwa. Jumanne ndiyo siku ya kusaga. Nikaamua yangu yasagwe kwanza, haraka, kabla mkono wa mke wangu haujayafikia. Nilikwenda mapema nikamwambia fundi wa mashine kwamba nimekuja kujitolea. Akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Nilisukuma chupa mashineni kwa mikono miwili. Nusu nzima ilishageuka vipande. Nilikuwa naimba. Kisha mashine ikakwama, ikanguruma, ikanyamaza. Fundi akafungua, akachomoa kamba zilizojisokota kwenye visu. Akasema nani mjinga ameleta chupa na kamba zake, zipelekwe kwa mchambuzi kwanza.

Mchambuzi alikuwa amefika. Alikuja kazini moja kwa moja kutoka kitandani kwa mama yake, kwa sababu siku usiyokuja hulipwi.

Alichukua chupa ya kwanza. Akashika kipande cha kamba kilichobaki shingoni mwake. Akakigeuza. Akachukua ya pili. Ya tatu. Mama mkwe anafunga kwa kupapasa, kwa hiyo anazungusha mara tatu na kurudisha mkia ndani, auguse ajue umekaa. Hakuna mwingine anayefunga hivyo. Mimi sikujua. Mke wangu amefundishwa fundo hilo tangu utoto.

Nilitaka kusema zimeletwa na maji. Nilitaka kusema Kinyozi. Maneno yalikuwepo mdomoni, yalijipanga yenyewe. Lakini alininyooshea chupa, sura yake ikiwa haina kitu kabisa.

"Hili fundo ni la mama," alisema. "Ulikuwa unakata huku unaliona."

Akavua vile visu vya vidole vya kukatia lebo, akaviweka mezani kimoja kimoja, akaenda kwa mama yake. Hakuna aliyecheka. Hata Kinyozi aliinamisha kichwa, na hilo ndilo limeniuma zaidi.

Alhamisi, 13 Machi

Daktari wa macho amekuja na ameondoka. Wanasema aliwahudumia wengi. Muuza nyama alimpeleka shangazi yake, naye ameondolewa ukungu, anatembea mtaani anawasalimia watu kwa majina na kuwakosoa mavazi.

Mwenyekiti ameniita. Uzito wangu wote umefutwa. Alisema kwa miaka yake yote ya ukunga ameona watu wakija duniani kwa namna nyingi, ila hajaelewa mimi nilikuja kwa ajili ya nini. Nikamwambia nilikuwa nasafisha bahari. Akafunga macho. Kisha akasema kikundi kitatoa kamba mpya na gunia la chupa nyeupe, mama aanze upya, na mimi ndiye nitakayezifunga.

Jioni nilikwenda kumwona mama mkwe. Mke wangu alinifungulia mlango, akaniachia nafasi ya kupita, hakunitazama. Nikaelewa kwamba hajamwambia. Hakufanya hivyo kwa ajili yangu. Hataki mama ajue alimwoza binti yake kwa mtu wa namna hii.

Mama alikuwa kitandani, mguu umefungwa bandeji, gauni jipya la hospitali limekunjwa juu ya kiti. Aliponisikia alipapasa hewani mpaka akapata mkono wangu. Akanieleza polepole jinsi ilivyokuwa. Alipofika shambani hakuona cheupe hata kimoja. Akajua jicho limezimika. Akawaza, nitembee kidogo tu mbele, labda halijazimika lote.

"Nilikuwa nalia kwa ajili ya jicho, mwanangu," alisema. "Kumbe jicho lilikuwepo. Ni wezi tu."

Akacheka kwa nafuu. Nami nikacheka kidogo, maana ingekuwa kukosa adabu kumwacha acheke peke yake. Baadaye nilipofika nje nililia kweli, nimesimama karibu na kuku. Niliumia moyo. Pia nilifikiri kwamba mtu anayeumia moyo namna hii hawezi kuwa mbaya, na hilo limenisaidia kulala.

Ijumaa, 14 Machi

Kinyozi ametangazwa msimamizi. Alipiga filimbi mara moja, kwa aibu, akaiweka mfukoni. Hajui hata kuitumia! Watu walimpigia makofi kwa kumwokoa mama. Hakuna aliyekumbuka kwamba bila mimi asingepata wa kumwokoa.

Jumapili, 23 Machi

Siku nyingi sijaandika. Nilikuwa mtu mpya.

Kamba mpya zimepandwa. Mke wangu na wanawake wenzake wamefunga mbegu za mwani, mama mkwe akiwa amekaa ufuoni anawasikiliza na kuwasahihisha. Mguu wake unakanyaga sasa. Jicho limebaki vile vile, vyeupe tu, navyo kwa shida kuliko zamani. Daktari ni mwakani. Mke wangu bado analala kwa mama yake, lakini jana alinisemesha. Alisema nikafunge chupa, kwa sababu kufunga chupa ni kazi ambayo hata mimi siwezi kuiharibu. Nimelichukulia kama mwanzo mzuri.

Nilikuwa njiani na gunia langu la chupa nyeupe nilipokutana na fundi wa mashine. Akaniambia habari. Mwenyekiti anatafuta msaidizi wa msimamizi! Hakuna filimbi, ila kuna kofia. Uzito unapimwa mpaka kesho, na mimi sikukatazwa kwa jina. Chupa nyeupe bado mara mbili.

Nilikaa chini kwenye jiwe, nikafikiri kwa makini, safari hii bila pupa. Kosa langu la mara ile nimeliona wazi. Nilichukua chupa nikaziacha kamba bila kitu. Mwani ukazama. Basi kamba lazima ziwe na chupa. Lakini kuelea ni kuelea. Nilijaribu kwenye ndoo: ya kijani inaelea, ya kahawia inaelea, zinaelea hata vizuri zaidi. Na za kijani ufuo umejaa, hakuna anayezitaka.

Kwa hiyo nimefunga za kijani na za kahawia, mistari yote, kutoka ukingoni mpaka mwisho kabisa kwenye kina. Nimezungusha mara tatu na kurudisha mkia ndani, kwa heshima ya mama. Mgongo umeniuma lakini sikulalamika. Zile nyeupe ziko chini ya kitanda changu, gunia zima, safi.

Jioni nilikwenda kumwambia mama kazi imekwisha. Alinishika mikono yote miwili akaniombea dua ndefu. Kesho asubuhi maji yakipwa anataka kwenda kuzigusa kamba zake. Mke wangu, ambaye kesho ana zamu kituoni, alisema kutoka jikoni kwamba nitamsindikiza. Mama akasubiri mpaka mwanawe atoke nje kuchota maji, akaniinamia, akasema nisihangaike na mgongo huu. Chupa zake zimerudi, hahitaji mtu, zitamwonyesha njia.

Nimemshukuru. Mizani inafunguliwa asubuhi hiyo hiyo.